Tumuenzi vipi Bi Kidude bila kumgeuza mtu mwengine?

mtoto_wa_rahaleo

Assalaam alaykum wadau. Naomba michango yenu, hasa watu wa Unguja na wapenzi wa taarab popote mlipo.

Kikundi chetu cha vijana huku mtaani tunataka safari hii tarehe 17 Aprili tufanye usiku wa kumkumbuka Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, Allah amrehemu, alietutoka siku kama ile mwaka 2013 kule Bububu. Ukumbi tumepata, wapigaji wapo, kina mama wa kupika wameshajitolea, kilichotukwamisha ni wasifu. Tunataka mtu asimame aeleze Bi Kidude alikuwa nani kama robo saa hivi alafu ndo muziki uanze, na hapo ndo tumegawanyika nusu kwa nusu mpaka imefika pahala watu hawapokeleani simu.

Upande mmoja wanasema tuseme alikuwa msanii mkongwe, kazunguka Ulaya mpaka Japani, kapata tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, mwaka 2005 kule Uingereza, kafa Rais Kikwete kaja kumzika, basi inatosha. Sigara isitajwe, pombe isitajwe, ndoa alizozikimbia zisitajwe, na unyago tuupite juu juu tu tuandike "alipiga ngoma za asili". Upande wa pili, na mimi nimo, tunasema ukishatoa hivyo vyote aliebaki sie Bi Kidude, ni bibi mwengine yoyote aliekuwa na sauti nzuri. Yule alikuwa anapita mtaani na kanga zake na sigara mkononi, anamsalimia kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na hakuna aliemuona akificha kitu. Yeye hakujificha sasa sisi tunamficha kwa niaba ya nani?

Lakini pia sitaki tumvunjie heshima mtu alietangulia mbele ya haki, na wazee watakuwepo ukumbini. Kwa hiyo nauliza, mngekuwa nyinyi mngesema nini na mngeacha nini? Na hilo la unyago tulizungumze vipi mbele ya wanaume? Nawasilisha.

Somo_Bi_Mkubwa

Waalaykum salaam mwanangu. Mie nimechezwa unyago na Bi Kidude, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua.

Kwanza hilo "ngoma za asili" lifuteni kabisa. Ngoma za asili ni neno la kumwambia mgeni wa hotelini. Yule mama alikuwa kungwi, na kama ungemuuliza kazi yake nini, jukwaa lisingekuja mwanzo. Watu wa nje walimjua kwa taarab, sisi wanawake tulimjua kwa msondo, ngoma ya unyago. Mtoto akivunja ungo, mama yake anakwenda kwa Bi Kidude, mtoto anawekwa ndani, anafunzwa. Anafunzwa mwili wake, usafi wake, hedhi ni nini na asiiogope, akiolewa aishi vipi na mume na pia yeye mwenyewe ana haki gani kwa huyo mume, maana watu wanadhani unyago ni kumfundisha mwanamke kumfurahisha mwanamme tu. Bi Kidude alikuwa anakwambia wazi kwamba mume anaekupiga hakupendi. Skuizi hayo watu wanalipwa posho kwenda kuyasema kwenye semina, yeye kayasema maisha yake yote amekaa kwenye mkeka.

Na ile ngoma jamani. Msondo ni ngoma ndefu ya kusimama, yeye mwenyewe kiwiliwili kidogo tu, anaifunga kiunoni kwa kanga, anaipanda, anapiga kwa mikono miwili, mpaka uzeeni ule ambao wenzake hawawezi hata kunyanyuka kitandani. Hili mlielezee, na mkipata picha yake na msondo muiweke pale kwenye skrini kubwa kuliko picha ya tuzo.

Sasa jibu la swali lako la wanaume. Kueleza kwamba alikuwa kungwi hakuna ubaya, kueleza unyago ni kitu gani kwa jumla hakuna ubaya, ngoma yenyewe ipigwe ionekane, maana yeye mwenyewe aliitoa akaipiga jukwaani dunia nzima ikaona, na wapo makungwi walionung'unika wakasema kavua nguo ya ndani mbele za watu. Mie sikuwa miongoni mwa walionung'unika, nilikuwa naona kama asingeitoa ingekufa na sisi. Ila zile nyimbo za ndani na mafunzo yenyewe hayasemwi pale. Hayo hupewa mwari na kungwi wake, hayatoki. Mkiyaweka hadharani mtakuwa hamjamuenzi, mtakuwa mmemuibia.

Na msisahau dawa na hina. Alikuwa anajua majani, watu wanakwenda kwake wanaumwa tumbo, wanakwenda kwa wanja, maharusi wanakwenda kupakwa hina. Hakujaaliwa mtoto wa tumbo lake lakini watoto wa kike wa mji huu aliowafunza hawana idadi.

abu_swaumu

Waalaykum salaam. Mimi nitakuwa upande wa wale wenzako wa mwanzo lakini si kwa yote, nisome mpaka mwisho.

Tumefundishwa kutaja mema ya waliotutangulia. Mtu ameshafika kwa Mola wake, hesabu yake haiko kwetu, kwa hiyo kusimama na maikrofoni ukaanza kuhesabu alikunywa nini na alivuta nini mimi naona ni kumfungulia mlango kila mwenye ulimi. Na pia tuangalie, watu wengi kutoka nje walikuwa wanapenda sana hilo la bibi mzee anaevuta sigara, wamepiga picha hilo kuliko walivyosikiliza anachoimba. Mkilifanya ndo kichwa cha habari mtakuwa mnarudia walivyomtazama wao.

Lakini ndoa kuwekwa kwenye kapu moja na pombe hapo sikubaliani kabisa. Mtoto wa kike kuozeshwa kwa nguvu akaondoka, aibu hiyo ni ya nani? Ridhaa ya mwanamke kwenye ndoa ni jambo la dini yetu, si jambo la kizungu. Akaingia nyengine akakuta mateso akatoka pia. Hapo hakuna cha kuficha, semeni na msemee kwa sauti, wapo mabinti watakaokuwepo ukumbini wanahitaji kulisikia kutoka kwa watu wa kwao.

Ushauri wangu mwengine, khitma na muziki msivichanganye. Asubuhi nendeni Kitumba alikozikwa mkazuru, alasiri someni khitma, wazee waje wale waondoke wameridhika, usiku anaetaka taarab aje. Mkifanya hivyo hata wanaopinga nusu yao watatulia maana watakuwa wamepata pao pa kumuombea dua.

ganuni_na_fidla

Mkuu mimi ni mpigaji, nitasema ya muziki na ya umri maana najua hapo ndo mtateleza.

Umri: msiandike kaishi miaka 113 wala 102 wala nini. Kila gazeti liliandika lake. Mwenyewe alikuwa anasema alizaliwa enzi za rupia, watu wakachukua hapo wakapiga hesabu mpaka kabla ya vita vya kwanza vya dunia, lakini rupia imetumika Zanzibar hadi mwisho wa 1935 ndo ikaja shilingi, kwa hiyo hilo pekee halikupi mwaka. Kazaliwa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake muuza nazi, na mtoto wa muuza nazi wa enzi hizo nani angekaa kumuandikia cheti? Semeni tu kaishi karibu karne nzima au zaidi, inatosha na ni kweli, na mtu akiuliza kwa nini hakuna tarehe mwambieni ndo hivyo, walioandikwa ni watoto wa wenye nacho. Hata hilo ni sehemu ya wasifu wake.

Muziki: ili watu waelewe ukubwa wake inabidi muwarudishe nyuma kidogo. Taarab hapa imeingia kwa mlango wa kasri, Sultan Barghash ndo kaileta kutoka Misri karne ya 19, ikaimbwa Kiarabu, wasikilizaji ni mabwana. Ikhwani Safaa imeanza 1905, klabu ya wanaume. Alafu akaja Siti binti Saad, mtu wa Fumba, familia ya kimaskini, akaichukua akaiimba Kiswahili, mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri, na huko mitaa ya Ng'ambo watu wa chini wakasikia mambo yao wenyewe yanaimbwa. Bi Kidude ni mtoto wa sauti ile. Hakufunzwa darasani, alikuwa anasikiliza, anakwenda wanapoimba anakaa anashika, mpaka akaziweka nyimbo za Siti kifuani kwake, na Siti alipofariki 1950 zikabaki hai kwa mtu huyu ambae hakuna alietegemea. Mimi kila nikifikiria hilo nasisimka, wazo kwamba nyimbo zile zimevuka miaka yote hiyo kwa kichwa cha mtu mmoja asieandika noti hata moja.

Na sauti yenyewe msiiite "nzuri". Nzuri wapo wengi. Ile ilikuwa kavu, ya kifuani, ina mikwaruzo, anavuta pumzi ndefu alafu anaiachia bila kujali maikrofoni ipo au haipo, na waimbaji wetu wa asilia wengi hutulia pahala pamoja, yeye akipandwa anateremka anawafuata watu walipo. Kajulikana nje kwenye miaka ya 80, alipotoka na Mohamed Ilyas na Twinkling Stars, umri ambao mwanamke wengine wanamwambia akae kwenye mkeka avute tasbihi. Baadae Culture Musical Club, na tamasha la Sauti za Busara tangu lilipoanza 2004 watu walikuwa wanakuja Ngome Kongwe kumuona yeye. Na hakuwadharau vijana, kaingia studio na Offside Trick wale wa zenji fleva na akawafunika.

Kwa hiyo usiku wenu msianze na kinanda cha kielektroniki na rusha roho, taarab ya kisasa, nakuombeni. Anzeni na kidumbak, fidla, sanduku, cherewa, ngoma ndogo mbili, watu wacheze. Alafu kikosi cha taarab asilia na ganuni na udi. Alafu mwisho msondo, upigwe na mwanamke. Hapo mtakuwa mmepita maisha yake yote bila kusema neno.

dada_wa_Ilala

Naomba na sisi wa bara tutajwe jamani. Bi Kidude si wa Zanzibar peke yake kwa maana ya njia alizopita. Inasimuliwa alizunguka huku kwetu kwa miguu, pekupeku, mji hadi mji, miaka ya 20 na 30, mpaka maeneo ya maziwa makubwa, na Dar kaishi kaimba miaka mingi na kundi la taarab la Wamisri kabla hajarudi Unguja miaka ya 40. Mwanamke peke yake, enzi zile za mkoloni, bila ndugu bila nauli. Binti wa leo akitaka kwenda mkoa mwingine kusoma ukoo mzima unakaa kikao.

Mimi nina umri wa kwenda hamsini, sina mtoto, niliachika nikaamua kukaa mwenyewe, na sikuwahi kuwa na mtu wa kumwonyesha kwa kidole nikasema maisha kama haya yanawezekana na yanaheshimika zaidi ya yeye. Ndo maana mkimsafisha mnanigusa. Mkitoa ndoa alizozikimbia, mkatoa kukosa mtoto, mkatoa kukaa kwake mwenyewe kwenye kijumba chake akafanya anachotaka, mmenitoa na mimi.

Na kingine, tusiishie kwenye sifa. Huyu mama amepewa tuzo kubwa, amejaza maukumbi Ulaya, na hakuishi kitajiri hata kidogo, hilo kila mtu alikuwa analiona. Wapo wazee wengine hapo hapo kwenu wanaojua kupiga na kuimba na hakuna anayewagongea hodi mpaka siku ya msiba. Wekeni sanduku mlangoni, kitakachopatikana kigawanywe, nusu kwa wazee wa muziki walio hai, nusu mumlipie msichana mmoja ada ya kujifunza udi au ganuni pale DCMA, chuo cha muziki hapo Unguja. Mimi nipo tayari kutuma mchango wangu hata kama sitoweza kuja.

mzalendo_halisi

Mnakuza mambo tu. Mkisimama mbele ya watoto mkasema alivuta sigara na kunywa na bado akafika miaka mia, watoto watachukua nini? Watasema mbona bibi hakufa. Mwache msanii wake, mengine yabaki kwake.

Somo_Bi_Mkubwa

Baba hujambo. Watoto wanamjua tayari, wana simu, picha zake zote ziko humo na sigara yake. Wasichokijua ni kingine chote. Ukinyamaza wewe wanabaki na sigara peke yake, ukizungumza wanapata kungwi, wanapata mganga, wanapata mwanamke alietembea bara yote kwa miguu. Na hakuna aliesema apewe sifa kwa kuvuta. Mie mwenyewe nilikuwa namwambia bibi hii sigara punguza, alikuwa ananitazama tu.

abu_swaumu

Bi Mkubwa umelipanga vizuri. Nikikubali litajwe, basi litajwe kwa sentensi moja lipite, lisichekewe wala lisipigiwe makofi. Hilo naweza kuishi nalo.

mtoto_wa_rahaleo

Wallahi ahsanteni sana nyote, nimewasomea wenzangu jioni hii baraza zima na kelele zimepungua. Tulichokubaliana mpaka sasa: asubuhi Kitumba, alasiri khitma msikitini, usiku ukumbini. Mpangilio wa ganuni_na_fidla tumeuchukua wote, kidumbak kwanza. Umri hatutaji namba. Sanduku litakuwepo na dada wa Ilala tutakutumia pa kuweka mchango.

Nimejaribu kuandika mwanzo wa wasifu usiku huu, mnisahihishe bila huruma:

"Fatuma binti Baraka alizaliwa Mfagimaringo, mtoto wa muuza nazi, mwaka ambao hakuna alieuandika. Alikimbia chuo akaenda kusikiliza waimbaji. Akaozeshwa akiwa bado mtoto, hakutaka, akavuka bahari. Akaolewa tena, akateswa, akaondoka tena, kwa miguu, bila viatu. Aliporudi Unguja alirudi na sauti yake na akaishi anavyotaka yeye. Aliimba uso wazi. Alivuta na alikunywa na hakumficha mtu. Aliwafunza mabinti wa mji huu kujijua na kujithamini, na waliofunzwa na yeye wamo humu ukumbini, wanaotaka kusimama wasimame. Alichukua nyimbo za Siti binti Saad akazibeba mpaka zikatufikia. Dunia ilimjua akiwa mzee, sisi tulimjua kabla."

Baada ya hapo nataka kuingia kwenye msondo. Wale wenzangu wanabishana neno moja tu sasa, "akateswa", wanasema tuweke "hawakuelewana". Mimi sitaki kulitoa.

ganuni_na_fidla

Liache. Na hapo "nyimbo za Siti" ongeza kwamba alikuwa na zake pia, asije mtu akadhani alikuwa kasuku. Wapigaji wa kidumbak kama hamna nitafuteni, ninao.

Somo_Bi_Mkubwa

"Hawakuelewana" ni maneno ya mashahidi wa kuachana. Acha "akateswa". Ila hapo pa "wanaotaka kusimama wasimame" ongeza "wanawake", na mkishasoma nyamazeni kidogo mtupe nafasi, tutapiga vigelegele. Mie na wenzangu tuliochezwa na yeye tutakaa safu ya mbele upande wa kulia, tuwekeeni mkeka, viti hatutaki. Msondo ninao wa kuazima, uje uuchukue wewe mwenyewe usimtume mtoto, na ukaushwe motoni kabla ya kupigwa maana sasa hivi mvua za masika zitakuwa zimeshaanza ngozi italegea.